Siku Baba Mkwe Alipofungua Maikrowevu

Jumamosi, tarehe kumi na nne mwezi wa sita. Asubuhi sakitu ilikuwa imekaa juu ya kabichi, nyeupe kama chumvi iliyomwagika, na upande wa kivuli haikuyeyuka mpaka jua lilipokuwa juu kabisa. Mbingu safi, hakuna hata wingu, lakini jua lenyewe halikuwa na moto. Upepo ulikuwa unashuka kutoka mlimani, unalipiga bati la choo, unaacha, unalipiga tena.

Siku yenyewe niliandika hayo tu nikaacha.  Sikujua kama ni halali mimi kuandika habari za baba mkwe wangu. Hata sasa sina hakika. Nitajaribu tu kutenda haki: nilichokiona nitasema nilikiona, na nilichodhani nitasema nilidhani, maana vitu hivyo viwili kichwani mwangu huwa vinalala kitanda kimoja.

Tunaishi Mbeya, uwanja mmoja na wakwe zangu. Nyumba yao ndiyo kubwa, yenye baraza la nyuma. Sisi tuna vyumba viwili ng'ambo ya uwanja, na banda la jiko la mbao na mabati. Katikati kuna bomba na kamba ya nguo. Mimi ni Mhehe, nimezaliwa Mlandege pale Iringa mjini, nikasoma mpaka darasa la saba nikaishia hapo. Mume wangu ni Mnyakyusa, na baba yake ni mtu wa zamani. Kwa mila yao, mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Nikimwona anakuja natoka njiani nampa mgongo. Yeye naye, kabla ya kupita kona ya nyumba, anakohoa ili nipate nafasi ya kujificha. Nimekaa naye uwanja mmoja miaka mingi, nimemfulia mashuka, nimempikia, najua anapenda chumvi kiasi gani, lakini uso wake nilikuwa siujui. Nilichokijua ni mgongo, na kofia yake ya sufu.

Mtu asidhani ni chuki. Nilipoolewa nilidhani hivyo, nikamlilia mama mkwe kwamba mzee hanitaki. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwanangu, hiyo ndiyo heshima yako. Angekudharau angekutazama."

Wapo wengi hapa mjini waliokwisha kuiacha mila hiyo, wanakula meza moja na wakamwana zao na kutaniana pia. Baba mkwe hakuiacha, na mimi siwezi kumshangaa, kwa sababu hata kwetu Iringa mama yangu akimwona mume wa dada yangu anashuka njia ya juu, yeye anashika njia ya chini.

Sasa watu wawili wasiosemeshana wakibaki na jambo la lazima, na hakuna wa kutumwa kati yao, wafanye nini? Katika nyumba ile wanamwambia kuku. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha. Unasema kwa sauti, "Wewe kuku, mvua inakuja na mahindi yako nje." Mzee anasikia, anatoka anaanua mahindi. Akiwa na jibu, naye anampa kuku. Mwanzoni nilikuwa nacheka peke yangu. Baadaye nikazoea, nikawa hata nikigombana na mume wangu namgeukia kuku.

Maikrowevu ililetwa na wifi yangu wa Dar es Salaam, akaituma kwa basi kwa ajili ya mama yake. Magoti ya mama mkwe yamechoka. Kipupwe kikiingia hawezi kuinama alfajiri kuwasha mkaa, na wifi alikuwa anaogopa mama asije akaingiza jiko chumbani akalala na moshi wake. Basi mama anaweka kikombe cha uji, anabonyeza, taa inawaka, kikombe kinazunguka. Alikuwa anakaa mbele yake kama anatazama televisheni. Alhamisi ya juma lile, jioni, ikalia "ta!", taa ikazima, kikombe kikasimama. Umeme wa nyumba ulikuwapo, redio ilikuwa inaendelea kusema.

Baba mkwe alisema ni fyuzi. Katika hilo hakukosea, na ni lazima niliandike.

Kwa miaka mingi alikuwa na meza yake sokoni ya kutengeneza redio. Watu walimletea redio zilizoingia maji, redio zilizoanguka kutoka juu ya matenga, redio zilizokaliwa, na nyingi ziliondoka pale zikiimba. Bisibisi yake ndogo alijitengenezea mwenyewe kwa spoki ya baiskeli: ncha aliigonga kwa nyundo ikawa bapa, na mshikio akauzungushia mpira wa tairi. Ule mpira ulikwisha kuliwa zamani, zimebaki nyuzi tu. Na fyuzi ya redio ikiungua, hakuwa ananunua nyingine. Anachuna waya, anachomoa uzi mmoja wa shaba, anauviringisha kwenye ile fyuzi iliyokufa kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, anairudisha mahali pake. Mafundi wote wa rika lake walifanya hivyo. Sisi wote tumesikiliza taarifa ya habari kupitia nyuzi hizo, kwa hiyo sioni kama nina haki ya kumcheka.

Lakini Ijumaa nilimpigia simu kaka yangu mkubwa, ambaye ni fundi wa vitu vya umeme pale pale Mlandege. Nilitaka tu kujua fyuzi inapatikana wapi.

"Mmeshaifungua?" akauliza.

"Bado. Mzee anatafuta spoki."

"Anatafuta nini?"

"Spoki. Ndiyo bisibisi yake."

Kaka alicheka sana. Halafu akaacha kucheka, na nilisikia anatoka dukani kwenda nje kwenye utulivu.

"Sikiliza, mdogo wangu. Hiyo si redio. Redio ukiichomoa imekufa, ni mbao na sumaku. Hiyo ukiichomoa bado ina umeme tumboni. Mna kopo la bati mle ndani, sisi tunaliita kapasita. Linatunza umeme kama kibuyu kinavyotunza maji. Mara nyingine linajimwaga lenyewe, mara nyingine halimwagi, na kwa macho huwezi kujua. Fundi mwenzangu mmoja aliligusa kwa mkono. Hakupata hata muda wa kusema mama."

"Kaka, usinitishe."

"Nakutisha, ndiyo. Na huo mtindo wenu wa uzi wa shaba uachwe kabisa. Fyuzi ni mlinzi wa geti. Umekuta mlinzi amekufa getini, hukimbilii kuajiri mwingine, unauliza kwanza aliyemuua yuko wapi. Huyo mzee wako anataka kuweka mlinzi wa chuma. Sawa, mlinzi hatakufa. Lakini aliyekuja kuua hataondoka mikono mitupu. Iwekeni kwenye basi niitazame mimi."

Sasa kaka yangu ni mtu wa kuongeza chumvi. Tulipokuwa wadogo aliniambia choo chetu kina mamba, nikakiogopa muda mrefu sana. Kwa hiyo nililala na mashaka: huyu anasema kweli, au ndio yule yule wa mamba? Na mimi ni nani wa kuamua kati ya mafundi wawili?

Jumamosi asubuhi nilimweleza mama mkwe, naye akaingia ndani kumfikishia mzee. Nilisikia kila neno kupitia dirisha.

"Mkamwana wako anasema kaka yake amesema usiifungue."

"Kaka yake yupi?"

"Yule fundi wa Iringa."

"Mwambie mimi nilikuwa natengeneza redio kabla huyo kaka yake hajajua kupangusa kamasi."

"Anasema ina umeme tumboni hata ikichomolewa."

"Na mimi nina uji tumboni na bado nina njaa. Nenda zako msibani, utachelewa."

Kulikuwa na msiba mtaa wa chini, na majirani karibu wote walikuwa huko. Mimi nilikwishashinda huko jana yake, siku ile nilibaki na nguo za kufua. Kina mama wawili walikuja kumchukua mama mkwe, wakamshika huku na huku kwa sababu ya magoti. Getini alinivuta kitenge.

"Mwangalie," akaninong'oneza.

"Nimwangalieje, mama, na mimi siruhusiwi kumwangalia?"

"Hivyo hivyo. Kwa masikio."

Wakaondoka. Uwanja ukawa kimya isipokuwa lile bati.

Siku nyingine tukibaki wawili hivyo, mzee huchukua fimbo yake akaenda kwa wazee wenzake mpaka mtu arudi. Siku ile hakuondoka. Nadhani, na hapa nasema nadhani, alitaka mkewe akirudi kutoka kukaa chini kwenye baridi ya msiba akute kitu cha moto. Hakuna aliyenieleza hivyo. Lakini alipotoa meza barazani na kuiweka maikrowevu juu yake, cha kwanza kukiweka pembeni kilikuwa kikombe cha mkewe, kimeoshwa.

Alikohoa. Nikaacha nguo kwenye beseni nikaingia banda la jiko. Kati ya mbao mna nafasi ya kupitisha vidole viwili, na kupitia hapo nilimwona mgongo, kofia, na kiwiko kinachozunguka anapofungua skrubu.

Nilimpigia mume wangu. Alikuwa Chunya na lori, wamefuata mzigo wa tumbaku. Simu ikaniambia hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Mtu atauliza kwa nini nisimpigie mzee mwenyewe. Namba yake sina. Hakuna aliyewahi kunipa, na mimi sikuwahi kuomba, na hata hivyo simu yake ilikuwa chumbani inachaji.

Kifuniko kikatoka. Alikiinua kwa mikono miwili akakiegemeza ukutani, na kile kisanduku kikabaki uchi. Niliona nyaya nyekundu na nyeupe, chuma kizito kama jiwe la kusagia, na pembeni, wima, kopo la bati linalong'aa. Sikuhitaji kuambiwa. Nililijua.

Kuku watatu walikuwa wanachakura karibu na bomba. Nikatoa sauti.

"Wewe kuku! Yule fundi wa Iringa amesema lile kopo la bati lisiguswe. Amesema mtu mmoja amekufa."

Kiwiko kikasimama. Mzee hakugeuka. Akamjibu kuku, taratibu, bila hasira.

"Kuku, mwambie aliyekutuma kwamba nimechomoa. Waya wake ule pale umelala chini kama nyoka aliyekufa. Tena mwambie asikutume tena, wewe una kazi zako."

Kisha akafanya jambo ambalo lilinifanya nishike mlango. Alipeleka mkono ndani akaanza kupapasa kila kitu kwa mgongo wa kidole, kama mafundi wa zamani wanavyopima: nyaya, chuma, na lile kopo. Alilipiga hata kwa ukucha, ti, ti, ti, kama mtu anayepima chungu kama kimepasuka. Nilifumba macho.

Hakukuwa na kitu. Nilipoyafumbua alikuwa anapuliza vumbi.

Nikaona aibu. Nikasema moyoni, ni mamba wa chooni tena. Sasa hivi naelewa, kwa maelezo ya kaka, kwamba kisanduku kilikuwa kimekaa tangu Alhamisi bila umeme na lile kopo lilikuwa limekwisha kujimaliza. Lakini wakati ule niliona tu kwamba mzee alikuwa sahihi na mimi nimemsumbua kuku bure. Nikarudi kwenye nguo zangu, nikakaa upande ule wa beseni unaompa mgongo, na nikamsikiliza kwa masikio kama nilivyoagizwa.

Aliitoa fyuzi. Najua kwa sababu alisema "Ahaa" kwa kuridhika, na nilipoiba kutazama alikuwa ameinyanyua juani kati ya vidole viwili. Kisha nikasikia kisu kinachuna waya. Moyo ukaniambia simama. Akili ikaniambia umeshaongea, umeshajibiwa, kaa. Nilikaa.

Hakukirudisha kifuniko. Fundi wa redio hafuniki mpaka redio iimbe. Akapitisha plagi dirishani, akaweka maji kwenye kikombe cha mama, akafunga kile kimlango, akabonyeza.

Ikawaka! Taa ya njano, na kile kisahani kikaanza kuzunguka. Baba mkwe akapiga paja.

"Kuku!" akasema, na sauti yake ilikuwa ya kijana. "Kamwambie fundi wa Iringa afunge duka!"

Nilicheka, kiganja mdomoni. Niseme ukweli, nilifurahi. Nilitaka mama apate uji wake, na nilitaka yule mzee ashinde.

Halafu mlio ukabadilika. Kwanza ulikuwa kama wa nyuki mbali. Ukashuka ukawa mzito, kama lori lililokosa gia mlimani. Taa ya mle ndani ikafifia. Pembeni ya dirisha niliona na taa ya sebuleni inafifia pamoja nayo, kana kwamba kile kisanduku kilikuwa kinaivuta nyumba nzima. Ikaja harufu, si ya chakula, ni kama nywele zilizoshika moto. Kuku wote watatu wakaondoka mbio. Ule uzi wa shaba haukukatika. Fyuzi ya kweli ingekuwa imekwisha kufa zamani na kutuokoa.

Mzee akavuta waya, plagi ikatoka, kila kitu kikanyamaza. Hata upepo uliliacha bati.

Nilidhani atakaa kidogo avute pumzi. Hapana. Mtu akishaisikia redio inaimba hawezi kuiacha. Ni waya umelegea, nadhani ndivyo alivyowaza, kwa sababu alinung'unika neno "umelegea." Akachukua spoki. Akainama.

Nilikuwa nimekwisha kurudi bandani kwenye ule upenyo wangu. Nikasema, "Wewe kuku." Uwanjani hakukuwa na kuku. "Wewe kuku, lile kopo sasa limejaa! Limetoka kujazwa!" Sauti ilitoka nyembamba, na upepo ukawa umerudi kwenye bati. Sijui kama alisikia. Aliinua kidogo mkono wa kushoto, labda kwa maana ya ngoja, labda kwa kufukuza moshi, kisha akauweka ule mkono juu ya bodi ya chuma ili ajishikize. Mkono wa kulia ulikuwa na ile spoki isiyo na mpira. Ulikuwa unaingia taratibu, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Ulikuwa unaelekea kwenye kopo.

Niliwaza mambo matatu au manne kwa mara moja, na sijui kama yalikuwa ya busara. Nikipiga kelele atashtuka, na mkono utakwenda mbele. Nikikimbia nimshike, tutakuwa wawili. Na nikimshika na akapona, mimi mkamwana nimemkamata baba mkwe mwilini, atakaaje tena katika nyumba ile? Ndipo likanijia jambo moja dogo. Mtu huyu, tangu nimemjua, hajawahi kukaa mahali nilipo. Ninapotokea, anaondoka. Siyo anaamua. Anaondoka tu, kama mkono unavyoliacha sufuria la moto.

Nikatoka bandani. Sikukimbia. Sikukohoa. Nikavuka uwanja, nikazunguka ile ngazi, nikapanda barazani kutokea mbele yake, nikasimama ng'ambo ya meza nikiwa nimemkabili. Uso wazi.

Kwanza aliona miguu yangu yenye povu la sabuni. Akanyanyua macho. Tukatazamana.

Ana macho ya mume wangu. Sikuwa najua. Chini ya jicho moja ana kovu dogo, na ndevu zake zilikuwa na vumbi la mle ndani ya kisanduku.

Aliruka kutoka kwenye kigoda kama mtu aliyekalia kaa la moto. Akavuta kofia ikafunika uso mpaka kidevuni, akageukia ukuta, na mikono yote miwili ilikuwa kwenye kofia. Spoki aliiachia. Niliiona inaanguka. Iligonga ukingo, ikalala juu ya lile kopo kutoka kisiki kimoja cha kushikia waya hadi kingine.

Mlio ule ulifanana na wa bunduki ya kuwindia nguruwe, tena ukiwa umesimama karibu nayo. Mwanga mweupe wenye ubuluu. Spoki iliruka ikagonga bati la paa ikaangukia uwanjani. Baadaye niliiokota: ile ncha yake bapa haikuwapo, kama imeng'atwa na meno.

Tulibaki hivyo. Yeye anautazama ukuta, mimi nautazama mgongo wake. Nilisikia pumzi zake ndani ya sufu. Nilitaka kusema samahani, nikaogopa kuongeza kosa juu ya kosa. Akateremka ngazi akipapasa ukuta, akatoka getini. Hakukohoa. Hakuchukua fimbo.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikingojea. Niliwaza kwamba nimemwokoa. Halafu nikawaza, hapana, nimemwaibisha, na spoki isingeanguka kama nisingetokea. Halafu nikawaza barabara kuu ilipo na malori yake, na mzee aliyetoka bila fimbo na kofia usoni. Jua likaanza kuegemea. Hakurudi.

Mama mkwe aliletwa saa za alasiri. Nilimweleza yote mlangoni, hata kabla hajakaa. Alisikiliza. Akaomba kuiona spoki, akaigeuzageuza.

"Ulisimama mbele yake?"

"Ndiyo, mama."

"Uso?"

"Wazi."

"Akasema nini?"

"Hakusema."

"Na wewe ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

Alisugua magoti.

"Basi hamkusemeshana," akasema, kama hakimu. "Hilo la kutazamana nitaliongea mimi. Wewe nenda kaanue nguo."

Nguo zenyewe zilikuwa bado ziko kwenye sabuni.

Mzee alirudi jua likizama. Nilimsikia akikohoa tangu huko barabarani, tena na tena, zaidi ya siku zote, nikajificha mbali kabisa nyuma ya banda. Aliingia ndani, na ule ukuta hauzuii kitu.

"Amenishtua," akasema. "Nisingeidondosha."

"Na mkono wako ungekuwa wapi?"

"Ungekuwa unakaza waya."

"Waya upi?"

Nilimsikia akivua viatu.

"Waya upi, mume wangu?"

"Ule wa juu ya kopo."

 Nilisikia kiti kinavutwa, kisha nikamsikia mzee akisema kwa sauti ya chini kwamba alikuwa ameketi nje ya kanisa, kwenye ngazi, na kwamba vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vinacheza vyenyewe na haviachi.

Sitaapa kwamba angekufa. Inawezekana mkono ungepita pembeni. Inawezekana spoki ingegusa upande mmoja tu na isilete kitu. Kaka nilipompigia alisema kwa mlio ule nilioueleza hakuna cha "inawezekana." Nikamuuliza kama sasa lile kopo limekwisha. Akasema pengine. Sikulipenda lile pengine. Akasema tusiiguse mpaka aje yeye, kwa hiyo imebaki pale pale barazani juu ya meza, uchi, tumeifunika kwa karai, na waya wake mama ameufunga fundo kwenye nondo za dirisha asije mtu akauchomeka kwa kusahau. Ukipita usiku kwenda chooni unaiona imekaa. Mimi napita upande wa bomba.

Siku ile ile mama aliniita kabla ya kupika. Mzee alikuwa chumba cha ndani, mlango umefungwa.

"Anasema," mama akaanza, akasita. "Anasema nikuulize, kaka yako anakuja lini?"

"Jumanne, kwa basi la asubuhi."

Akaugeukia ule mlango. "Jumanne."

"Aje na fyuzi," ikajibu sauti.

Jioni ile niliwasha mkaa nje. Tulikula ugali wa dona na majani ya maboga yaliyoungwa karanga, na usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, wa kukaanga. Sehemu ya baba mkwe ilipelekwa chumbani, na mama akaomba niiongezee kijiko, kwa sababu vidole vya mzee vilikuwa havikamati tonge. Alikula kidogo, nyingine ikarudi imefunikwa.